Vyuma vya kushikilia chooni: vya kuchomelea Katwe au vya boksi kutoka dukani?

Jibu kwanza, kwa mwenye haraka. Kwa jengo la umma hapa Uganda, iwe kituo cha afya, shule, ofisi ya gombolola, benki au msikiti, chuma cha kushikilia kilichochomelewa Katwe, mtaa wa mafundi chuma jijini Kampala, kwa bomba la GI (bomba la chuma lililopakwa zinki) la inchi moja na robo, kwa kufuata mchoro wenye vipimo, kinazishinda seti nyingi za boksi zinazouzwa mjini. Kina nguvu zaidi, kikiharibika fundi yeyote wa kuchomelea atakitengeneza, na urefu wake unaamuliwa na chumba chako badala ya kuamuliwa na kiwanda. Seti ya boksi inaongoza kwa mambo mawili tu: mkono unaokunjwa na usafi wa uso wake. Lakini vyote viwili ni bure vikifungwa kwenye ukuta usioweza kuvibeba, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia.

Tuanze na kazi yenyewe ya chuma hiki. Mtu wa kitimwendo husogeza kiti chake ubavuni mwa choo, hufunga breki, hushika chuma kwa mkono mmoja, hujiinua na kujihamisha. Kwa sekunde chache mwili wake wote unategemea mikono miwili. Mzee mwenye goti bovu, mama aliyejifungua kwa upasuaji na mtu wa magongo hukivuta wakati wa kuinuka. Kwa hiyo chuma hubeba mtu mzima, kikisukumwa chini, kikivutwa mbele na kikiyumbishwa pembeni. Vipimo vya Marekani vinadai chuma pamoja na vifungio vyake vihimili niutoni 1,112, yaani karibu kilo 113, kutoka upande wowote. Kiandike hicho kwenye mkataba hata kama jengo liko Arua au Busia.

Bomba

Mkono wa mtu mzima hushika vizuri kitu cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 32 hadi 50. Majina ya dukani huwachanganya watu hapa, kwa sababu bomba la GI huitwa kwa tundu lake, wala si kwa unene wake wa nje. Linaloitwa la inchi moja lina milimita 34 kwa nje. La inchi moja na robo lina 42, na la inchi moja na nusu lina 48. Yote yamo ndani ya kipimo. La inchi moja na robo ndilo tunalolipendekeza kwa watu wazima, maana linajaza kiganja bila kukishinda na halipindi ovyo. Kwa shule ya msingi chukua la inchi moja.

Uliza pia unene wa ukuta wa bomba. Bomba la maji la daraja la kati lina milimita 3.2, na mita moja ya inchi moja na robo ina uzito wa kilo 3.1 hivi. Bomba zima la mita 6 ni kama kilo 18 na nusu. Bomba la samani, lile la kutengenezea vitanda na viti vya shule, likishapakwa rangi huwezi kulitofautisha kwa macho, lakini ukuta wake ni milimita moja na kitu. Mizani ya muuza vyuma chakavu, na Katwe hawakosekani, inamaliza ubishi papo hapo.

Bomba la mraba likatae. Mafundi hulipenda kwa kuwa hukatika na kuchomeleka kirahisi, ila kona zake huumiza kiganja kinachobeba uzito wa mwili, na vidole haviwezi kulizunguka.

Bomba moja la mita 6 linatosha chumba kimoja cha choo. Mkono unaokunjwa wenye umbo la U hula karibu sentimita 170. Chuma cha ubavuni chenye umbo la L, sentimita 75 kulala na 75 kusimama, pamoja na miguu ya kuingia ukutani, hula 162. Cha nyuma ya choo na cha kuvutia mlango, kila kimoja sentimita 60 na miguu yake, hula 144 kwa pamoja. Kinachobaki ni zaidi ya mita moja, nacho kinatosha chuma cha kusimama karibu na sinki. Fundi akikwambia anahitaji mabomba mawili kwa chumba kimoja, mwombe akuonyeshe hesabu.

Ukifika kwa fundi, usiseme tu "nataka vyuma vya choo cha walemavu." Sema hivi: "Fundi, nataka bomba la GI la mviringo, inchi moja na robo, daraja la kati. Kona zipindwe kwa mashine, zisikatwe na kuungwa. Kati ya bomba na ukuta ibaki nafasi ya milimita 40. Mabamba ya ukutani yawe sentimita 12 kwa 20, unene milimita 6, matundu manne ya boliti ya milimita 10. Michomo yote isagwe kwa grainda hadi kidole kipite bila kukwaruzwa." Hiyo nafasi ya milimita 40 ina sababu yake. Ikiwa ndogo, vidole havipiti. Ikiwa kubwa sana, mtu anayeteleza mkono wake wote hupenya nyuma ya bomba, na akianguka mkono huvunjika.

Zinki ina matatizo mawili. Moshi wake unapochomelewa huleta homa, hivyo fundi aikwangue kama sentimita 5 kila upande wa mchomo na afanye kazi penye hewa. Pili, palipokwanguliwa na kuungua hapana kinga tena, na kutu huanzia hapo. Papakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ya mafuta. Chagua rangi inayopingana na ukuta. Chuma cheupe kwenye taili nyeupe hakionekani na mtu mwenye uoni hafifu. Bluu iliyokoza au nyekundu inaonekana tangu mlangoni.

Seti ya boksi

Ndani ya boksi la kawaida huwa na chuma kimoja au viwili vilivyonyooka, sentimita 45 hadi 60, na pengine mkono unaokunjwa, pamoja na skurubu na plagi za plastiki. Uso wake ni laini, haushiki uchafu haraka, na kofia za mviringo hufunika skurubu.

Kofia hizo hufunika kombe mwanaharamu apite. Chini yake mara nyingi kuna skurubu tatu fupi zilizotoboa taili na plasta, zikagusa tofali kwa sentimita moja au mbili tu. Zitupe skurubu na plagi zote za ndani ya boksi, ubaki na chuma.

Kuhusu chuma chenyewe, wauzaji hupenda kushikisha sumaku kuonyesha kuwa hakishiki, hivyo "hakipati kutu." Jaribio hilo ni nusu tu. Sumaku ikishika kwa nguvu, ni chuma cha pua cha daraja la 430 au bomba la kawaida lililopakwa kromu, na chooni halitadumu. Isiposhika, bado hujui kama ni chuma cha pua cha daraja la 201 au la 304, kwa sababu zote mbili hazishikwi. La 201 ni rahisi na huanza madoa ya kahawia mapema mahali panaposafishwa kwa dawa ya klorini kila siku, kama hospitalini. Daraja liandikwe kwenye risiti. Muuzaji akikataa kuliandika, ameshakujibu.

Mkono unaokunjwa wa boksi ndio unaostahili pesa zake, kama bawaba yake ni nzito. Wa Katwe mara nyingi hukosea jambo moja: ukiinuliwa husimama wima kabisa bila cha kuushika, na ukiguswa na bega unaanguka kichwani au kwenye vidole vya mtu. Tiba ni ndogo. Mwambie fundi bawaba iruhusu mkono upite wima na kulala nyuma kidogo, nyuzi 5 hadi 10, uegemee ukuta juu ya kipande cha mpira. Pini ya bawaba iwe ya milimita 16, na kizuizi cha chini kiwe bamba lililochomelewa, kisiwe msumari.

Ukuta

Hapa tutakaa kidogo, maana chuma kizuri kwenye ukuta mbaya ni hatari kuliko kutokuwa na chuma kabisa. Mtu asiyeona chuma atajua ajiendeshe vipi. Anayekiona hukiamini kwa uzito wake wote.

Chukua mkono unaokunjwa wa sentimita 75. Mtu wa kilo 80 akiegemea ncha yake, na boliti za juu zikiwa sentimita 15 kutoka ukingo wa chini wa bamba, boliti hizo huvutwa kutoka ukutani kwa nguvu sawa na kilo 400. Hesabu ni 80 mara 75, gawa kwa 15. Plagi ya plastiki ndani ya tofali la kuchoma la kawaida, ambalo katikati yake huweza kuwa laini kiasi cha kukwanguliwa kwa ufunguo, haina uwezo huo. Hata boliti ya kupanuka, ambayo ni nzuri kwenye zege, hulipasua tofali laini pale inapokazwa. Kwenye bloku au tofali zenye matundu haina hata cha kupanukia.

Kama jengo bado linajengwa, kazi ni rahisi na gharama yake ni ndogo mno. Kabla ya plasta, acha nafasi ya sentimita 30 kwa 30 kila mahali bamba litakapokaa, uijaze zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kwa unene wote wa ukuta. Limwagilie maji siku 7, na usilitoboe kabla ya wiki mbili. Kisha tumia boliti za kupanuka za milimita 10 zinazoingia ndani ya zege sentimita 8 au zaidi, bila kuhesabu unene wa plasta na taili. Kosa linalojirudia ni kusahau mahali zege lilipo baada ya plasta. Piga picha yenye tepu iliyonyooshwa kutoka kona na kutoka sakafu, uihifadhi pamoja na michoro ya jengo.

Kama jengo limekwisha, pitisha boliti ndefu upande hadi upande, nondo yenye nyuzi ya milimita 10, na nyuma ya ukuta weka bamba lingine la saizi ileile. Halipendezi macho upande wa pili, lakini linabana ukuta wote katikati ya mabamba mawili. Kwenye ukuta wa nusu tofali hii ndiyo njia pekee tunayoikubali. Kwa ukuta wa nje, ziba matundu kwa silikoni, la sivyo mvua itaingia na kutu itakula boliti mahali usipopaona.

Ukuta ukiwa dhaifu kabisa, au ni wa mbao na bodi, achana nao. Tengeneza chuma chenye mguu unaoingia sakafuni, umeshikwa kwenye zege la sentimita 30 kwenda chini. Udhaifu wake uko pale mguu unapoingia sakafuni: maji ya kudekia hukaa hapo na bomba huoza kutoka nje kwenda ndani. Inua kijilima cha saruji cha sentimita 3 kuuzunguka ili maji yakimbie.

Mahali pa kukifunga

Vipimo vya kimataifa vya ISO 21542 huweka chuma cha kulala sentimita 20 hadi 30 juu ya kiti cha choo. Kiti kikiwa sentimita 45 kutoka sakafuni, chuma kinakaa kati ya 65 na 75. Vipimo vya Marekani hukipandisha hadi 84 na 91, kwa kuwa kule hupangwa kwa namna nyingine ya kujivuta ukutani. Chagua mfumo mmoja uufuate wote. Kuchukua urefu wa huku na umbali wa kule huzaa chuma kisichofikika. Kwa mtu anayejisukuma juu kwa mikono, urefu wa ISO unafaa zaidi.

Mstari wa katikati ya choo uwe sentimita 45 hadi 50 kutoka ukuta wa karibu. Upande wa pili bakiza sentimita 90 tupu kabisa kwa ajili ya kitimwendo. Tupu maana yake tupu: pipa la taka, ndoo ya kudekia, fagio na katoni za sabuni zisikae hapo. Choo kilichobanwa na kuta mbili, chuma kulia na chuma kushoto, kinaonekana kamili kwenye picha ya ripoti, lakini mtu wa kitimwendo hana njia ya kukiingia. Ndiyo maana upande wa wazi hupewa mkono unaokunjwa.

Sakafuni pawe na duara la sentimita 150 la kugeukia. Lakini watu wengi nchini hutumia baiskeli ya mkono ya magurudumu matatu, ambayo ni ndefu na haigeuki kwenye duara hilo. Kwa kituo cha afya au soko, pangilia duara la mita 2 au zaidi, au weka mlangoni kitimwendo cha jengo pamoja na mahali pakavu, penye paa, pa kuiachia baiskeli. Wachora ramani wanaonakili vipimo vya Ulaya bila kutazama magari ya watu wao wenyewe hulikosa jambo hili.

Sinki litundikwe kwa vishikio vya ukutani, lisisimame juu ya nguzo ya kauri, ili magoti yapite chini yake. Nafasi ya sentimita 70 kutoka sakafuni inatosha. Kioo kianze si juu ya mita moja. Swichi iwe kati ya sentimita 90 na 120.

Choo cha shimo

Vyuma vya boksi havikutengenezwa kwa choo cha shimo, na hapa Katwe haina mshindani. Vyoo vya shule vya matundu matano kwa kawaida huwa na tundu moja la wenye ulemavu, lenye njia ya mteremko na mlango mpana. Humo fundi achomelee fremu mbili za mguu wa sakafuni, moja kila upande wa kiti, zikiwa zimeachana sentimita 60 hadi 65, na moja iwe ya kuchomoka kwenye soketi ili mtu wa kitimwendo apate ubavu wa kuingilia. Soketi iwe na kifuniko cha mnyororo, vinginevyo itajaa mchanga kabla ya muhula kwisha.

Kiti cha saruji kilichojengwa juu ya tundu kisawazishwe hadi kiwe laini na kupakwa rangi ya mafuta. Saruji tupu hunyonya mkojo na harufu yake haiishi tena. Kiti cha mbao chenye tundu, kinachowekwa na kuondolewa, huyumba mtu anapokiegemea upande mmoja.

Wako watoto na watu wazima wanaotembea kwa mikono na magoti, na kwao kiti cha sentimita 45 ni mlima. Wawekee kisanduku kizito cha sentimita 20 kinachohamishika, na chuma kingine cha chini, sentimita 35 kutoka sakafuni. Zaidi ya vyuma vyote wanahitaji sakafu kavu na safi, kwa kuwa wanaigusa kwa viganja. Mteremko wa sakafu uelekee tundu, bomba la maji liwe ndani, na mtu wa kuosha apangwe asubuhi kabla ya watoto kuingia. Shule inayonunua vyuma na kuacha sakafu imelowa mkojo haijamsaidia mtoto huyo hata kidogo.

Mlango na njia ya mteremko

Mlango upime uwazi wake ukiwa umefunguliwa, si upana wa fremu. Lengo ni sentimita 90. Chini ya 80 vitimwendo vingi vitakwaruza mikono ya watu. Ufunguke kwa nje, ili aliyeanguka ndani asiuzuie. Kwa ndani mchomelee chuma cha kuvutia cha sentimita 60, kikilala, kwenye urefu wa mkono wa aliyekaa. Kitasa kiwe cha mkono, si cha duara. Kizingiti ni sentimita 2 kwenda chini, na sifuri ni bora.

Kuhusu mteremko wa chuma unaobebeka, ambao mafundi haohao huutengeneza kwa bamba lenye vinundu kama la sakafu ya lori, tathmini yetu ni ya wastani. Kwa ngazi moja ya sentimita 15, mteremko wa 1 kwa 12 unataka urefu wa sentimita 180. Ukiwa na upana wa 90, kwa bamba la milimita 4 uzito ni kilo 51, kabla ya fremu. Askari wa getini hataubeba peke yake, kwa hiyo utaegemezwa ukutani na hautashushwa. Wa alumini wa unene uleule ni chini ya kilo 18. Wa reli mbili ni mwepesi, lakini gurudumu la mbele la baiskeli ya magurudumu matatu hupita katikati na kutumbukia. Usiununue kwa jengo la umma.

Wa zege ndio wa kudumu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45 za kupanda, yaani mita 5.4 za mteremko, pamoja na mita 1.5 za uwanja tambarare juu na chini. Nafasi ikiwepo, nenda 1 kwa 20, yaani mita 9. Wanaobana hesabu hujenga mita 2 tu, wakapata ukuta ambao baiskeli ya mkono inayovutwa na mnyororo wa mbele haiwezi kuupanda, kwa sababu uzito hurudi nyuma na gurudumu la mbele huzunguka bure. Uso upigwe fagio kwa kukingama wakati saruji bado mbichi. Terazo iliyong'arishwa na taili za sebuleni ni marufuku hapo. Mvua ya dakika kumi inazigeuza sabuni. Pembeni inua kingo ya sentimita 10. Vishikizo viwe viwili, cha juu sentimita 90 na cha chini 70, vikizidi mwanzo na mwisho wa mteremko kwa sentimita 30, na ncha zake zipindwe. Mtaro wa maji ukipita mwanzoni, wavu wake uwe na nafasi zisizozidi milimita 13, na vyuma vyake vikingame na mwendo.

Taili zenye vinundu za kuwaongoza wasioona, ambazo zilianzia Okayama, Japani, mwaka 1967, zinapatikana kwa kuagiza. Vinundu vya mviringo huonya, mistari huelekeza. Zikibandikwa kwa kupendezesha tu, zikaishia ukutani au kwenye nguzo, ni bora zisiwepo.

Agizo na malipo

Sababu kubwa ya seti mbovu kuingia kwenye majengo mapya ni mstari mmoja kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi: "vifaa vya choo cha walemavu, jumla." Mkandarasi akiona hivyo atanunua cha bei ya chini, na kisheria hajakosea. Andika kila kipande peke yake: kipenyo, unene, urefu, bamba, boliti, zege la ukutani, rangi. Mteja akilalamika kuhusu gharama, mkumbushe kwamba Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu Septemba 2008, na kwamba ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Mtu anayekuja kulipa kodi au kuchanjwa mwanawe haombi fadhila. Mwongozo wa vipimo uliotolewa mwaka 2010 na UNAPD, shirika la Uganda la watu wenye ulemavu wa viungo, nao unafaa kuwa mezani mwa mchora ramani kabla hajachora mstari wa kwanza.

Kabla ya kulipa, mtu mzima mwenye mwili aning'inie kwenye kila chuma, kwanza kwa kukivuta mbele, kisha kwa kukiegemea ncha. Plasta ikitoa ufa mdogo kama unywele kuzunguka bamba, kazi irudiwe. Mwite mtumiaji wa kitimwendo aingie, afunge mlango, ahamie chooni, anawe na atoke bila kusaidiwa, na umlipe kwa muda wake kama unavyomlipa mkaguzi mwingine. Atakuonyesha yasiyoonekana kwenye tepu, kama komeo lisilofikika au karatasi iliyotundikwa nyuma ya bega.

Zuia sehemu ya malipo hadi kipindi cha mkandarasi kurekebisha kasoro kiishe. Kaza boliti tena baada ya mwezi mmoja, kwani plasta na taili hukaa chini ya bamba na nati hulegea. Kila kiangazi kwangua na upake rangi upya chini ya miguu ya sakafuni. Na ufunguo wa chumba, kama ni lazima kifungwe, utundikwe mahali mtu aliyekaa anapoufikia, usikae mfukoni mwa mtunza stoo aliyekwenda kula chakula cha mchana.